Kivuko na daraja ni vitu viwili

Jumamosi iliyopita, kwenye baraza la wakazi wa mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi, afisa aliyetumwa kutueleza mpango wa barabara alirudia kama mara tano kwamba tutajengewa "kivuko cha kisasa" pale kwenye makutano. Akina mama wanaouza mboga ng'ambo ya barabara wakapiga makofi. Alipokunjua mchoro, kumbe ni daraja la chuma, ngazi huku na ngazi kule. Sisemi alitudanganya, kwa sababu kwake neno ni lile lile. Ila nimelisikia likitumiwa hivyo redioni, nimelisoma kwenye mabango ya ujenzi, na sasa hata watu wanaowatetea watembea kwa miguu wanalitumia hivyo. Naona tulizungumze.

Kivuko ni mahali palipotengwa pa kuvukia. Kwa barabara ya mjini, ni sehemu ya barabara yenyewe ambapo anayetembea au mwenye baiskeli hupita kwanza na gari likasubiri. Milia nyeupe, taa, au tuta pana lililoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu ni namna tu za kukitengeneza.

Neno lenyewe limetoka majini. Kuvuka ni kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na kivuko cha kwanza ambacho watoto wengi wa Kenya hukisikia ni cha Likoni. Anayekupeleka upande wa pili anakuvusha. Ule upande unaouendea ni ng'ambo, na kule Unguja sehemu ya mji iliyotenganishwa na Mji Mkongwe kwa hori la bahari inaitwa Ng'ambo mpaka leo, ingawa hori lilifukiwa zamani na kinachotenganisha pande hizo mbili sasa ni barabara. Hapo ndipo ninapoona lugha yetu ilivyokuwa na macho. Barabara ilipokuja, Waswahili hawakutunga neno jipya. Waliitazama wakaona mto, nasi tukaendelea kuvuka, na jirani wa upande wa pili akabaki kuwa mtu wa ng'ambo.

Lakini mfano huo una mpaka wake, na kosa linaanzia tunapousahau. Mto hausimami ukiuomba. Ndiyo maana juu ya mto tunajenga daraja, na aliyejengewa anashukuru. Gari lina breki na lina dereva mwenye macho, na sheria inamtaka ampishe mtu aliye kwenye zebra. Ukimjengea mtu ngazi ili gari lisipunguze mwendo, umeligeuza gari kuwa mto. Daraja la namna hiyo linamtumikia dereva, hata kama anayelipanda ni mtembea kwa miguu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue daraja lililoacha mita 5.5 chini yake ili malori yapite. Mteremko anaouweza mtu wa kiti cha magurudumu hupanda mita 1 kwa kila mita 12. Hizo ni mita 66 za kupanda na 66 za kushuka, kwa barabara ambayo upana wake labda ni mita 20. Mahali pengi mteremko huo haujengwi, zinawekwa ngazi tu, na hapo mwenye kiti, mwenye baiskeli na mwenye mkokoteni wameshaambiwa wabaki upande wao.

Juzi asubuhi nilimtazama mama mmoja amefika chini ya daraja la namna hiyo na gunia la sukuma wiki mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Aliinua macho kidogo tu, maana kamba haikumruhusu kuinua zaidi. Kisha akageuka, akapita kwenye pengo la ukingo wa chuma, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja chini, akawa anapigapiga hewa taratibu kama anayemtuliza mtoto. Matatu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapunguza. Akavuka.

Mkono ule ndio uliokuwa kivuko. Mama alilazimika kukitengeneza mwenyewe, papo hapo, kwa roho yake. Angegongwa, taarifa ingesema "alikuwa akijaribu kuvuka barabara". Sijawahi kusikia dereva akiandikwa kwamba alikuwa akijaribu kupita.

Barabara ya Thika naiweka kando. Ilifunguliwa mwaka 2012 ikiwa na safu nane za magari katika sehemu zake pana, na kwa mwendo wa magari yale daraja ni lazima. Lawama yangu ni kwa makutano ya ndani ya mji, ambapo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa na ambapo Shirika la Afya Duniani linashauri 30 palipo na watu wengi wa miguu. Huko, kinachookoa maisha ni mambo ya chini kabisa, ya kwenye lami. Kona ikibanwa, gari haliwezi kukata kwa kasi. Kisiwa kikiwekwa katikati, mtu anavuka nusu, anapumua, anavuka nusu nyingine. Taa ya mtembea ikiwaka sekunde chache kabla ya ile ya magari, anakuwa amekwisha kuonekana katikati ya barabara kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki. Luthuli Avenue ilipunguziwa magari mwaka 2019, ikawa ya upande mmoja na njia za miguu zikapanuliwa, na hakuna aliyetakiwa kupanda popote.

Hata neno makutano lina la kutukumbusha. Katika Biblia ya Kiswahili, makutano ni umati wa watu. Siku hizi ukilitaja, mtu wa Nairobi anafikiria foleni.

Mnaweza kuniuliza kwa nini ning'ang'anie neno. Ni kwa sababu mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembeao na waendesha baiskeli. Karatasi ikiandikwa "vivuko" na kinachojengwa ni ngazi, hesabu itatimia na yule mama bado atakuwa pale amenyoosha mkono.

Afisa yule ameahidi kurudi mwezi ujao. Nitamsalimu vizuri, maana alitusikiliza hadi mwisho, nimwombe afute neno moja kwenye mchoro wake aandike "daraja la miguu", kwa kuwa hilo ndilo alilolichora. Na kama analipenda lile la kwanza, nitamwonyesha kona ya stejini ambapo linaweza kuandikwa kwa rangi nyeupe, chini, kwenye lami.