Tatizo la XY: mteja anapoleta jibu na kuacha shida nyumbani

Mteja anakuja na ombi lililonyooka: "Niwekee kitufe cha kupakua mauzo yote kwenye Excel. Safu ya tarehe iwe ya kwanza, na waliozidisha siku 30 bila kulipa watokee kwa rangi nyekundu." Kazi inaeleweka, unaweza kuianza leo hii. Hapo ndipo pa kusita kidogo. Ombi lililopimwa hadi rangi mara nyingi ni jibu ambalo mteja amejitafutia mwenyewe, na shida iliyomsukuma kulitafuta haijatajwa popote.

Watengenezaji wa programu huiita hali hii tatizo la XY. Mtu ana shida X. Anawaza peke yake, anaona Y itamsaidia, kisha anakwama kwenye Y. Akija kuomba msaada anauliza habari za Y tu. Mfano uliozoeleka ni wa mtu anayeuliza atapataje herufi tatu za mwisho za jina la faili. Mjibu kama alivyouliza, na picha.jpg itampa "jpg", atashukuru aende zake. Kesho atakutana na picha.jpeg na kupata "peg", kisha ukurasa.html utampa "tml". Kumbe alitaka kujua aina ya faili, na kwa hilo angechukua kila kilicho baada ya nukta ya mwisho, ziwe herufi mbili au tano.

Mteja hafanyi hivyo kwa ubishi. Anaijua kazi yake vizuri kuliko wewe, ila hajui mfumo unaweza nini, kwa hiyo anachagua katika vile alivyowahi kuviona. Excel anaijua, basi ataomba Excel.

Turudi kwenye kitufe chake. Muulize: "Ukishalipakua hilo faili, unalifanyia nini?" Ataeleza kwamba kila Jumatatu asubuhi hulipanga kwa tarehe, hufuta waliokwisha kulipa, hunakili majina yaliyobaki na kuyatuma kwa barua pepe kwa mwenzake anayefuatilia madeni. X ndiyo hiyo: mfuatilia madeni hajui aanze na nani. Orodha fupi ya wadaiwa ikimfikia yenyewe kila Jumatatu, habari ya safu na rangi inakwisha. Ungemtengenezea kitufe bila kuuliza, angekitumia, kisha angerudi kuomba safu ya namba za simu, halafu kichujio, halafu kitufe cha pili. Maombi madogo yanayofuatana juu ya kitu kilekile ni dalili nzuri kwamba X bado haijaguswa.

Wengi hufundishwa kuuliza "kwa nini" mara tano, mbinu inayohusishwa na Taiichi Ohno wa Toyota. Mfano wake ni wa mashine iliyosimama: fyuzi imeungua kwa kuzidiwa mzigo, mzigo umezidi kwa sababu beringi haipati mafuta ya kutosha, pampu haivuti mafuta vizuri, mhimili wa pampu umelika, na umelika kwa sababu hapakuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Kwa mashine inafaa sana. Binadamu akiulizwa "kwa nini" mara tano mfululizo huanza kujitetea, kana kwamba yuko kituo cha polisi. Mimi naona ni heri kuuliza: "Nani ataisoma?" "Kwa sasa mnafanyaje bila hiyo?" Lenye nguvu kuliko yote ni "Mara ya mwisho mlikwama wapi?", maana linaleta tukio lililotokea, na tukio halibishaniwi kama maoni.

Kuna wakati Y ni Y kweli. Mkaguzi wa hesabu anadai faili la muundo fulani, au mfumo mwingine unapokea safu kwa mpangilio huo tu. Mteja wa namna hiyo hutoa sababu kwa sentensi moja, nawe unafanya kama alivyosema. Na yupo atakayesikia habari ya orodha, akaielewa, bado akataka kitufe chake. Mpe, mfumo ni wake. Ila kwenye maelezo ya kazi andika X kando ya Y, kwa sababu atakaporudi kuomba marekebisho, wewe au atakayekurithi mtahitaji kujua kitufe kiliwekwa kwa ajili ya nini.