Tarakimu Moja ya Kitambulisho: Mauaji ya Raia wa Punjab katika Jimbo la Balochistan

Kitambulisho cha taifa cha Pakistan kina namba ya tarakimu 13. Tarakimu ya kwanza inataja jimbo ulikoandikishwa: 3 ni Punjab, 4 ni Sindh, 5 ni Balochistan. Ni utaratibu wa masjala tu. Lakini basi likisimamishwa usiku porini, mwenye bunduki na tochi hana haja ya kukuuliza jina wala kazi yako. Akimulika kadi, tarakimu hiyo moja na anwani iliyo nyuma yake vinamtosha kuamua nani ashuke.

Ndivyo ilivyokuwa Rarasham, wilaya ya Musakhail, usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 2024. Watu wenye silaha waliziba barabara kuu inayotoka Quetta, mji mkuu wa Balochistan, kwenda Punjab, wakasimamisha mabasi na malori, wakakagua vitambulisho. Waliotoka Punjab walitengwa, wakapigwa risasi. Walikufa watu 23 mahali pale, na magari mengi yakachomwa moto. Baloch Liberation Army, kundi la waasi wa Kibaluchi wanaotaka jimbo lijitenge, lilikiri kufanya mashambulizi ya siku hiyo, likidai kwamba waliouawa njiani walikuwa askari waliovaa kiraia. Viongozi wa serikali walisema ni madereva, vibarua na wasafiri wa kawaida.

Halikuwa tukio la kwanza wala la mwisho. Aprili ya mwaka huohuo abiria 9 kutoka Punjab walishushwa kwenye basi lililokuwa likitoka Quetta kwenda Taftan, mpakani na Iran, walipofika karibu na Noshki, wakauawa. Mei, vinyozi 7 waliuawa usingizini huko Surbandar, nje ya mji wa Gwadar. Septemba, vibarua 7 wa ujenzi wakauawa Panjgur. Februari 2025 ikawa Barkhan, abiria 7 tena.

Swali ninaloulizwa zaidi ninapofundisha ulinzi wa raia katika vita ni kama huu ni ugomvi wa dini. Hapana. Wapunjabi wengi wa Pakistan na Wabaluchi wengi ni Waislamu wa Sunni, na muuaji na aliyeuawa huenda waliswali kwa kuelekea kibla kimoja siku hiyohiyo. Huu ni ugomvi wa ardhi, mali na madaraka, ambao umegeuzwa kuwa ugomvi wa kabila la mtu.

Msomaji wa Kiswahili anawajua watu hawa wa pande zote mbili kuliko anavyodhani. Wabaluchi ndio Mabulushi wetu. Babu zao walikuja Zanzibar na Mombasa wakiwa askari wa masultani wa Oman, wakaoa na kuzaa huku. Gwadar yenyewe ilikuwa chini ya Sultani wa Maskati mpaka 1958, ilipouzwa kwa Pakistan. Kwa upande wa pili, reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India ya Waingereza, wengi wao Wapunjabi. Ndiko walikotoka mafundi, maseremala na Makalasinga wengi wa miji yetu. Kwa hiyo nikisema Mpunjabi au Mbulushi, sisemi habari za watu wa mbali.

Sasa tuyatazame malalamiko ya Wabaluchi, maana asiyeyajua hataelewa chochote, na anayeyaficha hatendi haki. Balochistan ni karibu asilimia 44 ya ardhi ya Pakistan, lakini ndiyo yenye watu wachache kuliko majimbo yote manne. Gesi iligunduliwa Sui, ndani ya jimbo hilo, mwaka 1952, ikasafirishwa kwa mabomba kwenda kupikia na kuendeshea viwanda vya majimbo mengine, huku vijiji vingi vya jimbo lenyewe vikiendelea kupikia kuni. Uasi umezuka mara kadhaa tangu 1948, na wimbi la sasa lilipamba moto baada ya Nawab Akbar Bugti, aliyewahi kuwa gavana na waziri mkuu wa jimbo, kuuawa katika operesheni ya jeshi tarehe 26 Agosti 2006. Itazame tarehe hiyo, kisha urudi kwenye tarehe ya Rarasham.

Zaidi ya hayo kuna watu waliopotezwa. Vijana wanachukuliwa nyumbani au hosteli na watu ambao familia zinasema ni wa vyombo vya dola. Wengine hawaonekani tena, wengine wanakutwa wamekufa. Desemba 2023 wanawake wa Kibaluchi wakiongozwa na daktari Mahrang Baloch waliandamana kutoka Turbat, mji wa Balochistan, mpaka Islamabad wakiwa na picha za baba, kaka na waume zao. Walipokaribia kuingia mjini, polisi waliwamwagia maji na kuwakamata. Mahrang mwenyewe alikamatwa Machi 2025. Nayataja haya bila kuyapunguza, kwa sababu ni kweli na kwa sababu dhuluma hiyo inastahili kupigiwa kelele na kila mtu.

Ila kinyozi wa Surbandar hakumteka wala kumpoteza mtu. Alilala chumba kimoja na wenzake, kwenye nyumba ya kupanga, wakingoja asubuhi wakafungue duka lao la kunyolea. Walitoka Khanewal, kusini mwa Punjab, eneo la wakulima wadogo na vibarua wa mashamba ya pamba. Watu wa huko huenda Makran, pwani ya Balochistan, kwa sababu ileile inayompeleka kijana wa Mbeya au Kisii mji wa mbali: kwao hakuna kazi. Majenerali na mawaziri ambao uasi unawalaumu hawapandi basi la usiku la kwenda Taftan. Anayepanda ni huyu.

Tena kadi haisemi kabila. Baadhi ya waliouawa walitoka Multan, Lodhran na wilaya jirani, ambako wengi huzungumza Kisaraiki, na watu wengi wa huko hawajiiti Wapunjabi kabisa. Wao pia wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba Lahore, mji mkuu wa Punjab, inakula vyote. Ukienda Dera Ghazi Khan, ambayo kiutawala iko Punjab, utakuta koo za Kibaluchi zilizoishi pale kwa karne nyingi. Kadi zao nazo zinaanza na 3. Muuaji anadhani anasoma kabila, kumbe anasoma ofisi ya uandikishaji.

Kabla ya kadi huja neno. Katika Balochistan neno ni abadkar, yaani mlowezi, na linabandikwa hata kwa mtu ambaye babu yake alizaliwa Quetta. Likiambatana na neno "mpelelezi", basi mauaji yameshapata maelezo yake kabla hayajatendeka. Sisi tunalo letu. Wakenya waliokuwa Bonde la Ufa mwaka 2007 na 2008 wanalikumbuka neno madoadoa, walilobandikwa walioonekana si wenyeji, na kilichofuata baada ya kulisikia mikutanoni.

Na kadi tunayo pia. Rwanda, wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi hiyo ndiyo iliyoombwa kwenye kila kizuizi cha barabarani. Mandera, Kenya, tarehe 22 Novemba 2014, basi la kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatakiwa kusoma shahada ya Uislamu, na walioshindwa wakauawa, watu 28. Wengi wao walikuwa walimu wakirudi kwao kwa likizo. Mwaka uliofuata walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki mwa Kenya, na shule zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu.

Balochistan ilipitia hayo mapema. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau walimu na watumishi wa elimu 22 waliouawa huko kati ya Januari 2008 na Oktoba 2010, wengi wao wakilengwa kwa sababu walihesabiwa kuwa si Wabaluchi. Wengi waliobaki waliomba uhamisho. Aliyepoteza mwalimu wa hesabu na sayansi hakuwa serikali ya Islamabad. Alikuwa mtoto wa Kibaluchi, katika jimbo ambalo tayari lilikuwa la mwisho kwa elimu nchini humo.

Sheria iko wazi, na inawabana wenye bunduki wote, wawe na sare au wasiwe nayo. Kifungu cha 3 kinachofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinauhusu kila upande katika vita vya ndani ya nchi, na kinakataza kumuua mtu asiyeshiriki mapigano. Kudai kwamba fulani ni mpelelezi hakuondoi ulinzi huo. Hata angekuwa askari kweli, akishakamatwa na kuvuliwa silaha, kumpanga mstari na kumpiga risasi ni jinai ya kivita. Sheria hiyohiyo inalikataza jeshi kumchukua kijana wa Turbat na kumuua gizani. Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan, ambayo si ya serikali, imekuwa ikilaani mambo yote mawili, upotezwaji wa Wabaluchi na mauaji ya vibarua wa Punjab, na kwa hilo inatukanwa na pande zote. Mimi naona msimamo huo ndio wa kufuatwa.

Kisasi nacho kina njia yake. Wanafunzi wa Kibaluchi katika vyuo vya Punjab na Islamabad wamelalamika kwa miaka kwamba wanafuatiliwa na kuhojiwa kwa sababu ya asili yao, na suala hilo lilifika Mahakama Kuu ya Islamabad mwaka 2022. Kila basi likichomwa kule, mwanafunzi mmoja huku Lahore anaogopa kutoka chumbani.

Ombi langu ni kwa wanaoandika na kusambaza habari hizi kwa Kiswahili, kwenye redio na kwenye makundi ya simu. Msiandike "Wapunjabi 9 wauawa" mkaishia hapo, kwa sababu hesabu hiyo ni ya muuaji, ndiye aliyewapanga hivyo barabarani. Andikeni walikuwa wanafanya kazi gani, walitoka mji gani, walikuwa wanakwenda wapi. Tarehe 10 Julai 2025, katika eneo la Zhob na Loralai, abiria 9 walishushwa kwenye mabasi ya kwenda Punjab na kuuawa. Wawili kati yao walikuwa ndugu, wanarudi Dunyapur kumzika baba yao. Nyumbani walikuwa wanangojwa wao ili maiti itoke. Matanga yakawa ya watu watatu.