Elimu ya sayansi ni nini, na inatufaa nini?

Funua pipa la maji lililokaa uani wiki nzima, uchungulie. Utaona vijidudu vyembamba kama nyuzi vikipanda juu kuvuta pumzi. Ukigonga pipa, vyote vinazama. Hivyo ni viluwiluwi vya mbu. Elimu ya sayansi huanzia hapo: kutazama kwa makini, kuuliza kitu kimetokana na nini, kisha kutafuta jibu ambalo mtu mwingine akilipima atalikuta vilevile. Kanuni tunazokariri kwa ajili ya mtihani ni vifaa tu vya kazi hiyo.

Chukua homa ya chikungunya, iliyotuingilia Mombasa mwishoni mwa 2017. (Jina hilo ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.) Mwenye kutegemea neti ya usiku peke yake hakuwa salama, kwa kuwa mbu anayeieneza, Aedes aegypti, huuma mchana. Tena hutaga kwenye maji safi, yale yale tunayoyaweka akiba kwa sababu mfereji hautoi kila siku. Mayai yake hugandia ukutani mwa pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi, kisha lifunikwe vizuri. Anayeyajua haya huwakinga wanawe kwa brashi na kifuniko.

Kwa jamii, nauona umuhimu wa elimu hii Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, penye kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mwanawe akaugua na dawa zisimfae, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na madini ya risasi. Wakazi wengine walipopimwa, nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Naamini bila vile vipimo vya damu, kilio chao kingebaki maneno matupu.

Ndiyo maana huniuma kuona mtoto akipata alama zote kwenye swali la hatua za ukuaji wa mbu, na kumbe hajui kwamba wamo uani kwao. Mwalimu amtume akafunue pipa, kesho aje darasani na kikombe cha maji hayo.