Mtoto kukataa mboga: vile tunadhania na vile ukweli uko

Saa sita na nusu kwa deikea yoyote hapa Nairobi utasikia tu "sitaki sukuma". Na majibu tunayowapa watoto mengi yamejengwa juu ya mambo si ya kweli.

"Amekataa leo, basi hapendi."
Hapa ndio tunakosea zaidi. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, ni sehemu ya kukua, na uchungu wa majani wanausikia kuliko sisi watu wazima, sasa terere (mchicha) na managu (mnavu) lazima ziwashtue. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja mboga ileile mara 8 hadi 15 ndio aizoee na wengi wetu tunachoka ya tatu. Kuna kijana wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) alikuwa anachambua kabeji kwa wali, uzi mmoja mmoja, anazipanga pembeni mwa sahani vile mama mboga hupanga nyanya zake. Hatukumgombeza. Tuliendelea kumwekea kijiko kimoja kidogo kila wiki, siku moja akalamba, ingine akatafuna akatema, na hiyo siku ya kutema nilifurahi sana kwa sababu kutema pia ni kuonja. Saa hii anakula, si nyingi, lakini anakula.

"Usipomlazimisha hatakula."
Ukimshika kidevu anajifunza kabeji ni adhabu, na kumshindilia chakula akilia anaweza kupaliwa. Kazi yetu ni kuchagua kinachopikwa na saa ya kula, yeye aamue atakula ama la, na kiasi gani. Tena ticha aketi ale nao sukuma hiyohiyo, asisimame juu yao na kijiko.

"Maliza mboga upate biskuti."
Ushamwambia biskuti ndio tamu na mboga ndio kazi. Na wengine wamekunywa chai na mandazi saa tano, watasikia njaa saa ngapi? Chai yenyewe hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unachukua kwa ndengu na mboga, kwa hivyo isikaribiane na lanchi.

"Isage kwa ndengu asijue."
Si mbaya, karoti itamsaidia tu, lakini asichokiona hawezi kukizoea. Weka na ingine anayoiona.

"Ya kuchemsha bila mafuta ndio ya afya."
Mtoto anahitaji mafuta kidogo ndio mwili uchukue vitamini A iliyo kwa sukuma, karoti na boga. Kata nyembamba, kaanga na kitunguu na nyanya, itoe ikiwa bado kijani maana ikikaa sana kwa moto vitamini C inaisha. Karoti mbichi kwa wa chini ya miaka 4 ikwaruzwe, usiwape vipande vigumu.

Na kama mtoto anapunguza kilo ama anakataa karibu kila chakula, hiyo si kuchagua tena, mpeleke kliniki apimwe.