AND, OR na NOT: dhana potofu zinazoficha makala unazozitafuta

Ukikosea kutafuta makala za kisayansi, hakuna kitu kitakachokushtua. Ukurasa unafunguka, matokeo yamepangwa vizuri, na makala zilizoachwa nje hazionekani popote. Ndiyo maana dhana potofu kuhusu viunganishi vya Boole, yaani AND, OR na NOT, hudumu kwa miaka, hata kwa watafiti waliobobea katika fani zao. Viunganishi hivi vilipewa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu cha mantiki mwaka 1854, na kazi ya viunganishi hadi leo ni ileile: kulinganisha makundi. Havijui tiba wala kemia. Vinajua tu kama neno fulani limo kwenye rekodi ya makala au halimo.

Tuchukue swali moja tuende nalo: je, vidonge vya madini ya chuma huwakinga wajawazito dhidi ya upungufu wa damu?

Dhana: AND huongeza matokeo

Anayetaka makala zinazotaja iron pamoja na zile zinazotaja ferrous huandika iron AND ferrous, akiamini ameagiza zote. Kumbe ameagiza zile tu zenye maneno yote mawili kwa pamoja. Kila AND unayoiongeza hupunguza matokeo au huyaacha yalivyo, kuyaongeza haiwezi. Inayopanua ni OR. Basi majina mbalimbali ya kitu kimoja yaunganishe kwa OR, na vitu tofauti viunganishe kwa AND (nyota * husimamia mwisho wowote wa neno):

(iron OR ferrous OR ferric) AND (pregnan* OR antenatal OR prenatal)

Dhana: mabano hayana kazi, mashine itaelewa tu

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu hifadhidata hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia. Web of Science hutanguliza AND kabla ya OR. Sasa andika iron OR ferrous AND pregnan* bila mabano. PubMed itakusanya kwanza iron na ferrous, kisha itachuja zinazohusu ujauzito. Hapo umebahatika. Web of Science itaunganisha kwanza ferrous na pregnan*, halafu itakumwagia kila makala yenye neno iron, na kwa kuwa hifadhidata hiyo ina sayansi za kila namna, utapata hata uyeyushaji wa vyuma na udongo wa mashambani.

Usidhani PubMed ndiyo salama. Geuza mpangilio, andika pregnan* AND iron OR ferrous, na safari hii ni PubMed itakayokuletea kila makala yenye neno ferrous, ujauzito uwemo au usiwemo. Weka mabano kila mara AND na OR zinapokutana kwenye mstari mmoja. Andika pia viunganishi kwa herufi kubwa: PubMed na Google Scholar zinataka hivyo, na kwingine hakuna madhara.

Dhana: NOT ni fagio la kuondolea usiyoyataka

Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa utafiti angefundishwa kuiogopa NOT kabla ya kufundishwa kuitumia. Tuseme hutaki tafiti za watoto wachanga, ukaongeza NOT infant*. Utafiti mzuri kabisa wa wajawazito, ambao ikisiri yake (muhtasari wa makala) inamalizia kwa sentensi moja kuhusu uzito wa watoto waliozaliwa, umeshatupwa. NOT haiulizi kama neno ndilo mada kuu au limetajwa kwa kupita. Likionekana tu, makala nzima inaondoka.

Mfano mbaya zaidi unahusu wanyama. PubMed hutumia orodha ya istilahi iitwayo MeSH, inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Istilahi hizo zimepangwa kama mti, wenye tawi kubwa na matawi madogo chini yake, na binadamu wamewekwa chini ya wanyama. Kwa hiyo anayeandika NOT animals[mh] (alama [mh] inamaanisha istilahi ya MeSH) ili aondoe tafiti za panya anaondoa pia kila makala iliyotiwa istilahi ya binadamu. Wanaoandaa mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayokusanya tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliowekwa wazi, huandika hivi:

NOT (animals[mh] NOT humans[mh])

Maana yake: ondoa zile zenye wanyama bila binadamu, zenye vyote viwili ziache. Makala mpya ambayo bado haijapewa istilahi yoyote nayo inabaki salama. Ukibofya kichujio cha “binadamu” badala ya kuandika hivyo, makala hiyo mpya huipati.

Dhana: kila kipengele cha swali lazima kipate AND yake

Swali letu lina wajawazito, madini ya chuma na upungufu wa damu. Inaonekana ni haki kuweka makundi matatu. Lakini upungufu wa damu ni tokeo, na waandishi wengi hawataji kila tokeo kwenye ikisiri. Utafiti unaweza kuwa ulipima damu ya wajawazito wote, ila ikisiri ikazungumzia uzito wa watoto tu. Kundi la tatu litaufuta. Ndiyo sababu mwongozo wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tiba, unashauri kwa kawaida kutotumia tokeo la aina hiyo kama sharti la utafutaji. Makundi mawili yaliyojaa visawe hushinda matatu yenye neno mojamoja, hata kama utasoma ikisiri nyingi zaidi. Kusoma ikisiri isiyokuhusu kunakugharimu sekunde chache. Utafiti usiojua kwamba upo unaweza kubadilisha jibu lako lote.

Dhana: nyota huongeza matokeo daima

Si kwenye PubMed. Ukiandika anemia bila kitu kingine, PubMed yenyewe hutafuta pia istilahi ya MeSH inayolingana na neno hilo. Ukiandika anemi*, huduma hiyo inazimika, na mashine inabaki na herufi ulizoipa tu. Anaemia, kwa tahajia ya Uingereza, haimo tena. Alama za kunukuu nazo huzima huduma hiyohiyo. Suluhisho ni kuandika anemi* OR anaemi* na kuongeza istilahi ya MeSH kwa mkono. Halafu angalia mahali unapolikata neno kwa nyota: nurs* inakupa wauguzi, lakini inakupa na nursery.

Dhana nyingine mbili nazitaja kwa ufupi. Mstari wa utafutaji haunakiliwi ulivyo kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, kwa kuwa alama za sehemu hutofautiana: PubMed ina [tiab] kwa kichwa na ikisiri, Web of Science ina TS= kwa mada. Na Google Scholar haiwezi kuchukua nafasi ya hifadhidata hizo kwa mapitio kamili, maana huonyesha matokeo 1,000 tu ya kwanza hata ikisema imepata malaki.

Dhana: akili mnemba imeshavifanya viunganishi kuwa vya kizamani

Kuiuliza mashine kwa sentensi ya kawaida ni njia nzuri ya kuanza, na kwa kukusanya visawe inasaidia sana. Lakini mapitio ya kimfumo yanadai kitu kingine: mtu mwingine aweze kurudia utafutaji uleule na kuona kwa nini makala fulani iliingia na nyingine ikabaki nje. Mstari wa Boole unaruhusu ukaguzi huo neno kwa neno. PRISMA-S, mwongozo wa kuripoti utafutaji uliotoka mwaka 2021, unataka mkakati wa kila hifadhidata uchapishwe kamili kama ulivyotumika, pamoja na tarehe ya utafutaji. Kabla hujafika huko, chukua makala chache unazojua zinahusu swali lako, uone kama mstari wako unazinasa. Isiyonaswa ifungue, tazama mwandishi ametumia maneno gani, kisha yaongeze kwa OR kwenye kundi linalohusika.