Sugu ya vidole kwa mpiga gitaa

Sugu ni ngozi ya juu iliyonenepa na kukakamaa kwa sababu ya kubanwa na kusuguliwa mara kwa mara. Kwa mpiga gitaa hukaa kwenye ncha za vidole vinne vinavyobana nyuzi. Kwa mpiga besi huota pia kwenye kidole cha shahada na cha kati cha mkono unaopiga. Lengelenge linatokana na msuguano huohuo, ila umekuja kwa pupa: tabaka za ngozi zinavutwa mpaka zinaachana, kisha maji yanajaa katikati.

Kwa hiyo ratiba ndiyo inayoamua kidole kitaota sugu au lengelenge. Ratiba mbaya kuliko zote ni ile ya kwaya nyingi: gitaa halishikwi wiki nzima, Jumamosi mazoezi ya saa tatu mfululizo, Jumapili ibada mbili. Anayeanza apige dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kila siku. Kidole kikianza kuchoma, aweke gitaa chini. Kwa mwendo huo sugu ya kutosha huja ndani ya wiki tatu au nne hivi, na ukiacha kupiga kwa muda inalainika tena.

Lakini kabla ya kulaumu vidole, pima gitaa. Weka rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa), upime nafasi kati ya chuma hicho na sehemu ya chini ya uzi. Kwa gitaa la kawaida la nyuzi za chuma, uzi mnene ukiwa kwenye milimita 2.5 na mwembamba karibu na 2, ni sawa. Ikizidi 3, unabana kwa nguvu nyingi bure. Fundi huchomoa kile kipande cheupe kilicholala kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa tumboni mwa gitaa, na kukipiga msasa upande wa chini. Akipunguza milimita 1, uzi unashuka nusu milimita pale kwenye freti ya 12. Asikate kwa pupa, maana kikizidi kupungua nyuzi zitagonga freti na kukoroma. Nyuzi zenyewe, anza na seti ya 10 badala ya 12; namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko zote, na ndogo ndiyo laini zaidi kubana. Na bana karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo. Ukibana katikati ya freti mbili utatumia nguvu zaidi kupata sauti ileile.

Huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania, majira nayo yana neno. Masika mbao hunywa unyevu, tumbo la gitaa linavimba na nyuzi zinapanda. Juni hadi Agosti, baridi na ukavu wa Makambako na Njombe hukausha mbao, ncha za freti zinachomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja. Ukavu huohuo unapasua sugu. Wapo wanaopaka spiriti ili ngozi ikakamae haraka. Kwa kipindi hicho hatuishauri hata kidogo, kwani sugu iliyokauka mno hupasuka hadi kwenye nyama. Afadhali mafuta ya mgando usiku, na kunawa kwa sabuni kabla ya kushika gitaa. Usipige mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo. Ngozi iliyoloa ni laini na inachunika upesi. Subiri nusu saa.

Sugu ikiota ukingo mkali, ilainishe kwa tupa ya kucha. Ukingo huo hunasa kwenye uzi, na unaweza kung'oka na sugu nzima. Usiubandue kwa meno.

Lengelenge likishatokea, liache bila kulitoboa. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa na linauma kwa kujaa, nawa, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, kamua taratibu, ngozi ibaki palepale, kisha funga plasta na uibadilishe kila siku. Mwenye kisukari asijitoboe. Rudi kwenye gitaa pale unapobonyeza kidole mezani na hakiumi. Vile vifuniko vya silikoni vya kidole vinafaa kwa Jumapili moja ya dharura tu, kwani ukivizoea sugu haioti. Usaha ukitoka, au wekundu na joto vikipanda kidoleni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.