Nimeacha ugali na wali, mbona kolesteroli imepanda?

Miezi mitatu sigusi ugali, wali wala chapati. Kilo zimepungua na sukari imeshuka, lakini LDL, ile kolesteroli mbaya, imetoka 3.1 hadi 4.6 mmol/L. Kipimo kimekosea?

Yawezekana kiko sawa. Swali langu ni hili: nafasi ya ugali kwenye sahani imechukuliwa na nini? Mara nyingi ni nyama ya mafuta, mayai yaliyokaangwa kwa samli, mboga za tui zito. Samli, siagi, mafuta ya nyama na nazi vina kwa wingi yale mafuta yanayoganda penye baridi. Ukiyazidisha, ini hupunguza vipokezi vyake vya kuchota LDL kwenye damu. LDL hubaki ikizunguka, na ndiyo inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa.

Lakini trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) zimeshuka na HDL, ile kolesteroli nzuri, imepanda!

Hongera, hilo ni zuri kweli. Ini hugeuza wanga wa ziada kuwa trigliseridi, kwa hiyo ukipunguza wanga nazo hupungua. Ila usikubali kuambiwa kwamba HDL nyingi inafuta LDL iliyopanda. Zimewahi kujaribiwa dawa za kupandisha HDL. Namba ilipanda, mshtuko wa moyo haukupungua.

Nikikimbia kila asubuhi?

Kimbia. Mazoezi hushusha trigliseridi na presha, na HDL hupanda kidogo. LDL yenyewe huitikia kidogo tu, kwa hiyo usitegemee mbio zifute samli. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, hata za kutembea haraka.

Basi nirudie ugali?

Si lazima. Badili mafuta kwanza: parachichi, karanga, samaki, mafuta ya alizeti. Na tafadhali rudisha maharage na choroko, hata kama vina wanga. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni ikatoka na choo, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Pima tena baada ya wiki 8 hadi 12.

LDL ikifika 4.9, muone daktari bila kusubiri, hasa kama kuna ndugu wa damu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, mwambie kabla ya kupunguza wanga, kwa sababu dozi ileile inaweza kukuangusha sukari.